Kopo la shilingi 85,000 na kidonge cha bure



Jumapili moja mwaka jana nilikwenda kumtembelea mdogo wangu huko Tabata. Mkewe, yaani shemeji yangu, alikuwa na mimba ya miezi sita. Tulipomaliza kula alifungua kabati la vyombo akanionyesha makopo manne meupe ya plastiki, yenye vifuniko vya rangi ya dhahabu, yamepangwa mstari mmoja kama vikombe vya ushindi wa mpira. "Shemeji," akaniambia, "hivi ndivyo vinavyoniweka. Hiki ni cha damu, hiki cha kinga, hiki cha kusafisha sumu, na hiki cha mwisho ni cha akili ya mtoto." Kila kopo alilichukua kwa shilingi 85,000 kutoka kwa dada mmoja wanayefanya naye kazi. Piga hesabu mwenyewe: ni shilingi 340,000, na yote yanakwisha kwa mwezi mmoja. Mdogo wangu aliyekuwa amekaa pembeni aliinamisha kichwa akajifanya anasoma gazeti.

Nikamwuliza, na vile vidonge vya damu mnavyopewa kliniki, je? Akacheka. Vilikuwa kwenye droo, katika bahasha yao ya kaki, pamoja na betri zilizokufa na funguo za kufuli lililokwisha kupotea. Alisema vilimtia kichefuchefu, na choo kikawa cheusi kama lami, akaogopa. Kisha akaongeza jambo la tatu, na hilo alilisema kwa sauti ya chini: "Halafu vya bure vile, shemeji, vitakuwa na nguvu gani?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, na leo nimelileta kwenu.

Hapa mjini makopo haya yamekuwa mengi. Yapo ofisini, yapo saluni, yanaingia ndani ya mabasi, na siku hizi yanakuja hadi kwenye simu ya mkononi na picha za watu waliopona kila kitu. Wenyewe huyaita virutubisho, wengine lishe ya ziada. Sisemi kwamba yote ni utapeli. La hasha. Baadhi ya vidonge vya namna hii ni miongoni mwa mambo bora yaliyopata kugunduliwa katika tiba, na nitavitaja. Ninachosema ni kwamba tunaanza na swali lisilo lake. Mtu anauliza, "Kirutubisho kipi ni kizuri?" kama anayechagua kitambaa cha kushona suti. Ilimpasa aulize kwanza, "Mimi napungukiwa nini?"

Elimu yote ya vitamini ilizaliwa kutokana na upungufu. Mwaka 1747 daktari mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu kwa siku chache tu. Neno lenyewe vitamini lilitungwa baadaye sana, mwaka 1912, na Casimir Funk. Baharia yule alipona kwa sababu mwili wake ulikuwa umekaukiwa na kitu kilichomo ndani ya chungwa. Mwenzake aliyekuwa nchi kavu akila matunda kila siku asingepata muujiza wowote kwa kuongezewa malimau. Vitamini C inayozidi mahitaji huondoka na mkojo. Vitamini A na D hazina tabia hiyo njema: zikizidi hulimbikizwa mwilini, na mwishowe zinaweza kudhuru.

Labda utaniambia, basi ikizidi kidogo kuna hasara gani, si ni lishe tu? Hapo ndipo nataka twende Pemba.

Kati ya mwaka 2002 na 2003 watafiti walifanya kazi kubwa katika kisiwa kile. Watoto wengi wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu, na kila mtu aliamini kwamba kumpa mtoto madini ya chuma ni kheri tupu. Wakawachukua watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi mmoja hadi 35, baadhi wakapewa kila siku chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Hapakuwa na tamaa ya biashara pale, wala kopo la dhahabu. Lakini mwezi Agosti 2003 sehemu ya chuma ilibidi isimamishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na hatari ya kufariki au kulazwa hospitali iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu, na bila hayo mtoto hudhoofu. Ila Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na wataalamu wanaamini kuwa chuma cha ziada kilimpa nguvu adui pamoja na mwenye mwili. Utafiti kama huo ulifanywa kusini mwa Nepal, mahali ambapo malaria si tishio la namna hiyo, na madhara hayo hayakuonekana. Tena, katika Pemba hiyo hiyo, kundi dogo la watoto waliopimwa damu tangu mwanzo lilionyesha kwamba wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Kidonge kilikuwa kimoja, kisiwa kimoja. Huyu kilimfaa kwa kuwa alipungukiwa, na yule aliyekuwa nacho cha kutosha alimeza asichokihitaji. Ndiyo maana leo Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba penye malaria, watoto wasipewe chuma pasipo kuwapo kinga, vipimo na tiba ya malaria.

Kisa cha pili ni cha hapa hapa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1995 wanawake wajawazito zaidi ya 1,000 wenye virusi vya Ukimwi walishiriki katika utafiti wa vitamini. Wakati huo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwa mtu wa kawaida. Waliopewa vitamini za kundi B, C na E kwa wingi walipata nafuu ya kweli: mimba zilizopotea zilipungua, watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua, na ugonjwa wenyewe ulikwenda polepole kuliko kwa wenzao. Vitamini A haikufanya hivyo. Ilionekana kuongeza watoto walioambukizwa. Habari za vitamini zilienea, na nadhani wauzaji wengi wa leo bado wanaishi kwa sifa za utafiti ule. Ila hawasimulii sehemu ya pili. Dawa za kufubaza virusi zilipofika, watafiti wakarudi katika jiji hili hili, wakawachukua wagonjwa 3,418 waliokuwa wakianza dawa hizo, nusu wakapewa vitamini kwa kipimo kikubwa na nusu kwa kipimo cha kawaida. Kipimo kikubwa hakikuwa na faida yoyote iliyozidi, na dalili za ini kusumbuka ziliongezeka, hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2012. Mwenye virusi anayeacha dawa zake kwa sababu ameuziwa kopo la kinga, huyo anacheza na uhai wake.

Na wavuta sigara wasidhani wamesahauliwa. Huko Finland wanaume 29,133 wanaovuta sigara walifuatiliwa kwa miaka kati ya mitano na minane, baadhi yao wakipewa vidonge vya betakarotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ilitegemewa kuwa itawakinga na saratani ya mapafu. Mwaka 1994 ikatangazwa kuwa waliomeza vidonge hivyo walipata saratani hiyo zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa Januari 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Karoti yenyewe haina kosa. Ila vidonge hivyo bado unaweza kuvikuta ndani ya mchanganyiko wa kopo, na muuzaji hatakuuliza kama unavuta.

Sasa niseme vipi vyenye thamani, maana nisije nikaambiwa nimekuja kubomoa tu.

Cha kwanza ni hicho cha droo la shemeji yangu. Mjamzito anahitaji chuma cha miligramu 30 hadi 60 kila siku, pamoja na asidi ya foliki mikrogramu 400. Anatengeneza damu ya watu wawili, na siku ya kujifungua atapoteza nyingine. Foliki ina habari yake ya pekee. Uti wa mgongo wa mtoto hufungwa ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Ukikosekana ufungaji huo, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Utafiti wa mwaka 1991 ulioongozwa na Waingereza, kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, ulionyesha kuwa foliki ilipunguza kurudia kwa tatizo hilo kwa asilimia 72. Kwa hiyo mwanamke anayetarajia kushika mimba anapaswa aanze foliki kabla, asingoje kliniki. Ni kidonge kidogo na si cha bei ya kutisha. Bali aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi aonane na daktari kwanza, kwa sababu kipimo chake ni kikubwa zaidi.

Kisha kuna matone ya vitamini A ambayo watoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupewa mara mbili kwa mwaka. Kazi iliyofanyika Aceh, Indonesia, na kuchapishwa mwaka 1986 ilionyesha vifo vya watoto vikishuka kwa karibu theluthi moja. Hayo nayo ni ya bure, na wapo wazazi wa mjini wanaoyakimbia kisha wananunua dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula. Yupo pia mtoto anayeharisha: tangu mwaka 2004 mashirika ya Umoja wa Mataifa yanaagiza apewe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji yenye chumvi maalumu. Madini joto tunayapata katika chumvi ya jikoni, hayahitaji kopo. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hana budi kutafuta vitamini B12, na mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformin kwa miaka mingi amwulize daktari wake kuhusu vitamini hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ile huipunguza mwilini. Mengine mengi yanayosifiwa, kama vitamini D kwa mtu mzima mwenye afya, yamepimwa kwa makini: Marekani walipima watu 25,871, na haikuzuia saratani wala ugonjwa wa moyo.

Turudi kwenye makopo. Siku ile niliomba miwani ya mdogo wangu nikasoma ubavu wa lile kopo la damu. Chuma: miligramu 3 kwa kila kidonge. Cha kliniki kina kama 60. Basi, ili shemeji apate chuma cha kidonge kimoja cha bure, angemeza vidonge 20 vya kopo, na kopo lina vidonge 60. Shilingi 85,000 zingeisha kwa siku tatu. Lile la akili ya mtoto halikutaja kipimo kabisa. Liliandika tu kwamba ni mchanganyiko maalumu wa majani na mizizi. Mimi kitu ambacho mwenyewe hataki kuniambia kina nini na kiasi gani, simpi mjamzito.

Chini kabisa, kwa herufi za mchwa na kwa Kiingereza, palikuwa na maneno ambayo dada wa ofisini hakuyasoma. Yalisema kuwa bidhaa ile haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Maneno hayo yanatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1994, inayomruhusu mtengenezaji kuuza virutubisho bila kwanza kuithibitishia serikali kuwa vinafanya kazi, mradi akidai chochote kuhusu mwili aweke onyo hilo. Kwa hiyo mtengenezaji kule anakana kwa maandishi, na wakala wake huku anaahidi kwa mdomo. Ukiambiwa kopo linatibu sukari, presha, uvimbe na ugumba kwa pamoja, geuza nyuma utafute sentensi hiyo.

Na akina baba, msinicheke. Vidonge vinavyouzwa kuwa vya mitishamba kwa ajili ya nguvu za kiume vimekamatwa mara nyingi na wakaguzi wa Marekani vikiwa na dawa halisi ya hospitali, sildenafil, imefichwa ndani bila kutajwa. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akichanganya na hiyo, presha inaweza kuporomoka ghafla. Vya kupunguza unene navyo vimekutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya moyo. Kinapofanya kazi upesi mno, hapo ndipo pa kuogopa.

Nisiwe mwonevu lakini. Nilimwuliza shemeji, huyu dada alikaa nawe muda gani? Akasema saa mbili nzima. Alimwuliza analala vipi, anakula nini, mama mkwe anamsumbua au vipi. Na muuguzi, je? Dakika mbili. Alimpa bahasha, akaandika kwenye kadi, akaita "mwingine." Foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa peke yake, hilo nalijua. Lakini hakuna aliyemwambia mama yule kwamba choo cheusi ni cha kawaida kwa anayemeza chuma, wala kwamba kichefuchefu hupungua akimeza usiku baada ya kula. Hakuna aliyemwambia kwamba chai na maziwa huzuia chuma kisiingie mwilini, na chungwa hukisaidia. Maneno manne tu hayo. Yangesemwa, droo isingejaa. Dada wa makopo alishinda kwa sababu alikuwa na kiti na subira, na mimi sioni vigumu kuelewa kwa nini mwanamke mwenye hofu alimwamini. Wanaopanga huduma za kliniki walitazame hilo kabla ya kuwalaumu akina mama.

Jumatatu yake mdogo wangu alimpeleka mkewe kupimwa. Wingi wa damu ulikuwa gramu 7.8, na mjamzito anatakiwa asipungue 11. Daktari alimwuliza, umekuwa ukimeza vidonge? Akasema ndiyo, na kusema kweli hakudanganya. Ile bahasha ikatoka drooni. Ikawa kidonge asubuhi na jioni kwa maagizo ya daktari, chungwa pembeni, chai ikasogezwa mbele kwa saa mbili, na dagaa na mchicha kila siku hadi mdogo wangu akalalamika. Kwa kuwa vidonge vile ni vyekundu na vitamu kwa nje kama peremende, tulivipandisha juu ya kabati, maana mtoto wao wa kwanza ana miaka mitatu, na vichache tu vya chuma vinaweza kumwua mtoto wa umri huo.

Alijifungua mwezi wa tatu baadaye akiwa na gramu 10.4. Alivuja damu nyingi, mkunga akahangaika naye usiku kucha, na hakuongezewa hata chupa moja. Mtoto ni wa kike. Makopo mawili alikuwa ameyachukua kwa mkopo, na deni hilo bado wanalilipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.